Katoro: Nunua Hati, Usinunue Hatua

Soko la viwanja mjini Katoro halina ubao wa bei. Dhahabu ina bei yake ya siku, gunia la mchele lina bei ambayo kila mama wa sokoni anaijua kabla jua halijapanda, lakini kiwanja bei yake imo kinywani mwa dalali, nayo hubadilika kulingana na viatu vya mnunuzi. Akija mtu mwenye buti zenye matope ya duara, dalali huuliza kwanza kama mawe yametoa wiki hii. Akija mtu mwenye shati jeupe na begi la ofisini, huulizwa anafanya kazi wapi. Baada ya hapo ndipo bei hutajwa.

Katika soko la namna hiyo, mnunuzi anayeanza kwa kuuliza "Bei gani?" ameruka swali la kwanza. Swali la kwanza ni "Ninauziwa nini hasa?" Maoni ya safu hii wiki hii ni kwamba watu wengi wanaonunua viwanja Katoro wananunua hatua za miguu, hawanunui haki ya kumiliki. Unafuu wanaoufurahia leo ni deni, na deni hilo watalilipa wao wenyewe baadaye au litalipwa na watoto wao.

KATORO NI NAFUU, HILO HALINA UBISHI

Hatutaki kumkatisha mtu tamaa. Katoro ni mahali pazuri pa kujenga. Mji uko kwenye barabara ya lami itokayo Mwanza kupitia Geita kuelekea Bwanga na Biharamulo, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Geita mjini. Jirani yake kuna Rwamgasa na Nyarugusu, maeneo ya wachimbaji wadogo yanayojulikana nchi nzima. Mchimbaji hali dhahabu. Anahitaji unga, mchele, dizeli, nyaya, mota ya karasha, magogo ya kuegemeza duara, dawa na vocha ya simu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo hupitia katika maduka ya Katoro. Kwa hiyo mji huu unawalisha hata watu ambao hawajawahi kushika sururu.

Tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na upande wa Geita. Mfanyabiashara aliyekuwa akihesabu saa za kusubiri pantoni sasa anahesabu lita za mafuta tu. Mwaka huo huo Katoro ilitajwa miongoni mwa majimbo mapya ya uchaguzi, jambo linaloonyesha kwamba serikali nayo imeuona mji ulivyokua.

Tazama pia watu. Sensa ya 2012 iliuhesabia mkoa wa Geita watu 1,739,530. Sensa ya 2022 iliuhesabia watu 2,977,608. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 70 katika miaka 10, sawa na zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Watu hao wote wanahitaji pa kulala. Mwalimu, muuguzi, fundi wa pikipiki na muuza vitenge ambao hawawezi kugusa kiwanja cha Mwanza mjini, hapa bado wanaweza.

Hayo yote ni sababu za kununua. Tatizo liko kwenye namna ya kununua.

UNAFUU UNA SABABU YAKE

Huko Marekani nako kuna ushauri wa namna hii. Mtu wa mshahara wa kawaida anayeshindwa na bei za New York au San Francisco huambiwa ahamie mji wa kati, kama Cleveland au Pittsburgh, ambako mshahara wa mtu mmoja unaweza kulipia nyumba. Ushauri huo ni mzuri, lakini mwenye busara huuliza kwa nini nyumba ya huko ni rahisi. Detroit ni mfano mkubwa. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na watu wapatao milioni 1.8. Sensa ya 2020 ilikuta watu 639,000 hivi. Viwanda vya magari vilipunguza kazi, watu wakaondoka, na mwaka 2013 mji wenyewe ukatangaza kufilisika. Kuna nyumba za huko zilizouzwa kwa bei ya pikipiki kuukuu, na baadhi ya walionunua waligundua kwamba nyumba zilikuja na malimbikizo ya kodi na paa lililooza.

Sasa linganisha. Detroit nyumba zilikuwa rahisi kwa sababu watu walikuwa wakiondoka. Katoro kiwanja ni rahisi ingawa watu wanakuja. Kwa kanuni za soko huria hilo ni jambo la kushangaza: wanunuzi wakiongezeka, bei hupanda mpaka inafanana na ya miji mingine yenye biashara kama hiyo. Kama kiwanja kimebaki rahisi wakati mji unakua kwa kasi, basi kuna kitu kimepunguzwa ndani yake. Kitu hicho ni upimaji, barabara ya mtaa, mfereji wa maji ya mvua, na karatasi ya kuonyesha kwamba ni chako. Punguzo la bei ni fidia ambayo soko linampa mnunuzi kwa kubeba hatari hiyo. Mnunuzi anafikiri amepata bahati, kumbe amelipwa ili abebe mzigo.

HESABU YA MNUNUZI

Tuchukue mfano. Hizi si bei za soko la wiki hii, ni tarakimu za kufanyia hesabu tu. Tuseme kuna viwanja viwili vinavyolingana ukubwa. Cha kwanza hakijapimwa, kinauzwa shilingi milioni 3 kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Cha pili kimepimwa, kina namba kwenye ramani ya mipango miji na kinauzwa shilingi milioni 6. Mnunuzi anachagua cha kwanza na kujisifu kwamba ameokoa milioni 3.

Lakini mtu hanunui kiwanja ili kukitazama. Anajenga. Tuseme anajenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ya tofali za kuchoma na bati, kidogo kidogo kwa miaka mitano, na mpaka anahamia ametumia milioni 25. Sasa mali yake yote ni milioni 28, na yote imekalia karatasi ile ya mkono. Akija mtu mwenye madai ya kweli, au ikipita barabara iliyokuwapo kwenye mchoro ambao yeye hakuuona, anachohatarisha si milioni 3 za kiwanja. Ni milioni 28. Ameokoa 3 kwa kuweka rehani 28.

Mfanyabiashara wa Katoro asingekubali hesabu hiyo dukani kwake. Asingenunua lori la saruji bila risiti ili apunguziwe kidogo, kisha alipake lori hilo rangi na kulifunga matairi mapya. Lakini kwenye nyumba, ambayo kwa wengi ndiyo bidhaa kubwa kuliko zote watakazonunua maishani, anakubali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

SHERIA INASEMAJE

Wengi wanasema "nimenunua ardhi". Kwa sheria ya Tanzania, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na maendeleo yaliyopo juu yake. Mambo hayo yamewekwa katika Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Hati ya kiwanja kilichopimwa mjini hutolewa kwa kipindi maalumu, na kirefu kabisa ni miaka 99.

Pembezoni mwa mji, ambako viwanja vya bei ya chini ndiko viliko, swali la kwanza ni kama eneo bado liko ndani ya mipaka ya kijiji. Kama liko kijijini, haki ya kimila haiwezi kuhamishwa kwa watu wawili kupeana mikono chini ya mwembe. Halmashauri ya Kijiji lazima iidhinishe. Saini ya mwenyekiti peke yake, hata akiwa na muhuri wenye wino mzuri, si idhini ya halmashauri. Idhini hutoka kwenye kikao, na kikao kina muhtasari. Omba kuuona muhtasari huo.

Katoro ina tatizo jingine ambalo miji mingi haina. Imeshikana na Buseresere, na mgeni anayeshuka kwenye basi hawezi kujua mmoja unaishia wapi. Lakini Katoro iko wilaya ya Geita na Buseresere iko wilaya ya Chato. Hadi mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, mji mmoja ulihesabiwa mkoa wa Mwanza na mwingine mkoa wa Kagera. Halmashauri ni mbili, maofisa ardhi ni wawili, na michoro ni miwili. Dalali anayesema "hapa ni Katoro" huenda anataja jina la soko tu. Mnunuzi ajue jalada la kiwanja chake liko ofisi gani kabla hajatoa hata shilingi.

Kisha kuna dhahabu yenyewe. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, madini yaliyo chini ya kiwanja chako si yako, hata kama una hati. Leseni ya uchimbaji hutolewa kivyake. Katika ukanda huu mtu anaweza kujenga juu huku mwingine ana leseni ya chini. Sheria ina taratibu za ridhaa na fidia, lakini fidia huchukua muda, na nyumba iliyowekewa alama haiuziki. Kwa hiyo safari ya ofisi ya ardhi iambatane na safari ya ofisi ya madini. Nauli yake ni ndogo kuliko bei ya mfuko mmoja wa saruji.

YALIYOMKUTA MWANDISHI

Mwandishi wa safu hii hasemi hayo kutoka kwenye vitabu pekee. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, hatua 20 kwa 25, kutoka kwa mzee mmoja mpole. Tulipima kwa miguu, yeye na dalali. Miguu ya dalali ilikuwa mirefu tulipokuwa tukipatana bei na mifupi tulipokuja kuweka alama. Niliandikishiana na mzee, mashahidi wanne wakatia dole gumba, nikapeleka mawe ya msingi.

Msingi ulipofika usawa wa ardhi alikuja mama mmoja na watoto wawili. Hakupiga kelele. Alisalimia, akasema, "Baba, shikamoo. Mimi ni mke wa huyo mzee. Hapa ndipo nilipolima mihogo miaka kumi na mitatu. Hakuniambia." Nilikosa la kumjibu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mke aliyefanya kazi kwenye ardhi ana haki ndani yake. Sikumwuliza mzee kama ana mke kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu, niseme ukweli, niliogopa kwamba nikiuliza bei ingepanda.

Tulikaa kwa wazee, tukasuluhishwa. Nililipa tena karibu nusu ya bei ya mwanzo, safari hii mbele ya mama na watoto, nikapewa saini yake. Nilipopiga hesabu zote, kiwanja changu cha bei nafuu kilikuwa kimegharimu kuliko kiwanja kilichopimwa nilichokikataa mwezi huo huo. Nilikuwa na bahati kwamba mama alikuja wakati wa msingi. Angekuja wakati wa kupaua, nusu bei isingetosha.

Katika ukanda wa dhahabu jambo hili lina uzito zaidi. Mchimbaji huhama na rashi. Ana familia Katoro, ana nyingine kule alikotoka, na pengine ya tatu alikopata mawe mwaka juzi. Kila mmoja wa akina mama hao anaweza kuwa na haki, na hakuna hata mmoja ambaye dalali atamtaja.

BEI HUFUATA MAWE

Jambo lingine ambalo wanunuzi hawaliangalii ni wakati wa kununua. Mapatano ya bei Katoro hufuata mawe. Kukiwa na rashi karibu, fedha taslimu hujaa mjini, wenye viroba vilivyotoa vizuri hununua viwanja viwili vitatu kwa wiki moja, na bei hupanda. Maduara yakijaa maji wakati wa masika, au mawe yakikataa, wale wale hurudi kwa dalali kutafuta mnunuzi. Mtu mwenye mshahara au duka, ambaye kipato chake hakitegemei rashi, ana nguvu kubwa wakati huo wa pili. Asinunue wakati wa shangwe.

Tena tusidanganyane kwamba dhahabu haishuki. Mwaka 2001 aunsi moja ilikuwa chini ya dola 300. Mwaka 2011 ilivuka dola 1,900. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 1,050. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Aliyejenga nyumba ya kupangisha kwa matumaini ya 2011 alikuwa na miaka minne migumu mbele yake.

Migodi nayo huisha. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na mkubwa wa sasa haukuanza hadi mwaka 2000. Golden Pride kule Nzega ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa 2013. Buzwagi, Kahama, ulianza 2009 nao umeshafungwa, na eneo lake limegeuzwa kuwa la viwanda. Kahama haikufa, kwa sababu ilikuwa na biashara ya mpunga, barabara kuu na wafanyabiashara wake. Katoro nayo ina sababu kama hizo, ndiyo maana tunasema inunuliwe. Lakini mtu anunue nyumba ambayo ataweza kuishi ndani yake hata duara la mwisho likifukiwa. Nyumba inayolipa tu wakati wa rashi ni kamari yenye bati.

MKOPO UKO WAPI

Msomaji atauliza: kwa nini watu wasikope wanunue kilichopimwa? Kule Marekani mnunuzi wa Cleveland hukopa na kulipa kwa miaka 30. Hapa kwetu wenye umri wanaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na kuanguka mwaka 1995. Mwaka 2008 ilitungwa sheria mpya ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo, TMRC. Pamoja na hayo, wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni maelfu machache tu.

Hesabu inaeleza kwa nini. Mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 unadai karibu shilingi 280,000 kila mwezi. Mwisho wa miaka hiyo mtu amelipa zaidi ya milioni 50. Wachache sana Katoro wana mshahara wa kubeba mzigo huo, na mchimbaji ambaye mwezi huu ana milioni 5 na ujao hana nauli haingii kabisa kwenye fomu za benki.

Hata hivyo hati ina faida kabla ya kufikia mkopo wa nyumba. Mwenye duka la vifaa vya karasha aliye na hati anaweza kuiweka dhamana na kupata mtaji wa kujaza duka. Mwenye karatasi ya mkono anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye hutoza kwa mwezi kile ambacho benki hutoza kwa mwaka. Kwa hiyo Katoro ina mali nyingi ya matofali na bati isiyoweza kuzaa mtaji. Fedha ya dhahabu ikishaingia ukutani bila hati, imelala.

Kwa wanaojenga kwa fedha yao, ambao ndio wengi, ushauri wetu ni huu: jenga kidogo ukamilishe. Mji umejaa maboma ya vyumba sita yasiyo na paa, mvua ya tano inayanyeshea. Vyumba viwili vilivyokamilika unaweza kulala kimoja na kupangisha kingine. Vyumba sita visivyo na bati havimpi mtu chochote zaidi ya sifa kwa wapita njia.

TUNAMSHAURI MNUNUZI

Kwanza, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri husika ukaone kiwanja kwenye mchoro, na kama kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hati ya mfukoni mwa muuzaji inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa imewekwa rehani benki.

Pili, wajue majirani wote wanne wa mipaka. Nenda bila dalali, jioni, usalimie, ukae. Jirani wa muda mrefu anajua kesi ambazo jalada halijazisikia.

Tatu, mume na mke wa upande wa muuzaji watie saini. Kama mwenye mali amefariki, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa.

Nne, mkataba uwe wa maandishi, mbele ya wakili, na malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache alama. Baadhi ya viongozi wa mitaa huomba asilimia 10 ya bei ili washuhudie. Mwombe anayedai akuonyeshe kifungu kinachoitoza na akupe risiti ya serikali. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Tano, weka kwenye bajeti gharama ambazo dalali hazitaji: ushuru wa stempu, kodi ya muuzaji kwa faida aliyopata, ambayo isipolipwa hukwamisha uhamisho wa jina lako, na gharama ya kuvuta umeme na maji. Ukishahamia, kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023.

Sita, nenda ukakione kiwanja mvua ikinyesha. Kiwanja kinachovutia Agosti kinaweza kuwa mkondo wa maji Aprili. Angalia pia kama jirani kuna mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Kelele za karasha utazizoea, lakini zebaki kwenye udongo na kisima haizoeleki.

NENO KWA HALMASHAURI

Si haki kumlaumu mnunuzi peke yake. Mnunuzi huchukua kisichopimwa kwa sababu kilichopimwa hakitoshi. Mpango wa taifa wa urasimishaji wa makazi, ulioanza 2013 na kufika kikomo 2023, ulikuwa wa kuponya jeraha: watu walijenga kwanza, wapimaji wakafuata kuchora barabara kati ya nyumba za watu. Kazi hiyo ni ya lazima lakini ni ghali, na kila barabara inayonyooshwa inabomoa ukuta wa mtu.

Katoro bado ina mashamba pembezoni. Huko ndiko upimaji ungepaswa kutangulia. Halmashauri za Geita na Chato zikae meza moja, kwa kuwa mji ni mmoja machoni pa soko, zichore barabara na mifereji, zikubaliane na wenye mashamba wabaki na sehemu ya viwanja vyao, na zibandike hadharani bei ya kila kiwanja. Mwenye shamba atapata zaidi kwa viwanja vilivyopimwa kuliko kwa hatua za dalali. Serikali itapata kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Mnunuzi atalala usingizi. Atakayepoteza ni mwenye miguu inayorefuka na kufupika.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenye akiba yake aende polepole. Kama huwezi kulipia kilichopimwa leo, panga chumba mwaka mmoja zaidi, uendelee kuweka. Kodi ya chumba utakayolipa mwaka huo si hasara. Ni bei ya kutokujenga kwenye shamba la mihogo la mama ambaye hukumwuliza.